MacBook Air ya M1 au laptopu ya Windows ya mtumba? Nimekaa na zote mbili, soma kabla hujatoa hela

Tangu Microsoft waache kuipa Windows 10 apdeti za usalama tarehe 14 Oktoba 2025 watu wamekuwa wakinifuata na swali lile lile, hasa wenye HP EliteBook 840 G3 na laptopu za umri huo. Mashine nzima, inawaka, Word inafunguka vizuri tu, lakini Windows 11 inaikataa kwa sababu prosesa yake ni ya kizazi cha 6 na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kuanzia kizazi cha 8, pamoja na kile kidude cha usalama TPM 2.0. Mtu akishasikia hivyo anasema kama ni kununua nyingine basi heri nihame kabisa, nichukue MacBook, nasikia zile hazisumbui.

Mi nilihama mwanzoni mwa 2025 kwa hela yangu mwenyewe, na nilihama nusu, nusu nikabaki, ndo maana naona naweza kukusaidia. Niko Morogoro maeneo ya Msamvu, mchana nina steshenari, natoa kopi, naprinti, natengeneza kadi za michango na picha za pasipoti, usiku naediti video za harusi na sendoffu. Mezani kuna ThinkPad T480 ya Windows 11 na kuna MacBook Air ya M1 yenye RAM ya 8GB na nafasi ya 256GB. ThinkPad nililipa 580,000, Mac nililipa 1,300,000, zote mtumba, kwa hiyo jua kabisa unalinganisha vitu ambavyo kimoja bei yake ni zaidi ya mara mbili ya kingine.

Kilichonitoa Windows ni umeme, wala sio urembo wa Mac.

Ilikuwa video ya harusi ya Jumamosi, maharusi wanaondoka Jumatatu alfajiri kwenda Mwanza na walitaka waondoke nayo. Nikaiweka irenda, yaani igeuzwe faili moja la mwisho, kwenye HP yangu ya zamani, saa saba usiku umeme ukakatika. Betri ikasema asilimia 61, nikajipa moyo, baada ya kama robo saa ikasema 9, afu kioo kikawa cheusi. Betri ikishachoka ndo inavyodanganya, inashuka ngazi nne kwa wakati mmoja. Nikakaa pale gizani nasikiliza jenereta la jirani mpaka umeme uliporudi saa kumi na moja, nikaanza renda upya kutoka sifuri huku nampigia simu bwana harusi namwomba radhi. Yule kaka alikuwa muungwana, alisema dada usijali tutumie kwa mtandao, lakini mi nilijua nimemwangusha, na video ya harusi haina Jumatatu nyingine.

Sasa Mac. Apple wenyewe wanasema Air ya M1 inafika masaa 18 ya kutazama video, hiyo ni ikiwa mpya na unatazama tu. Mi nikiediti napata masaa matano hadi sita, nikiandika barua na kufungua mtandao nafika kumi. Na haina feni kabisa ndani, usiku chumbani kimya, ile kelele ya HP kama inataka kuruka niliisahau ndani ya wiki moja. Kwa mwenye sola ndogo nyumbani hili ni la kuangalia kwa makini zaidi: chaja iliyokuja nayo ni ya wati 30 wakati laptopu nyingi za ofisini zinakuja na za wati 65, na betri yake ni 49.9Wh, kwa hiyo hata ukihesabu upotevu njiani unaijaza kwa kama 60Wh hivi. Betri ya sola ya 12V 100Ah ukiitumia nusu tu ili isife mapema ina 600Wh. Unajaza Mac mara kumi. Hesabu hii hutaisikia kwa wale wanaofungua maboksi ya laptopu kwenye YouTube wakiwa Marekani, kwao umeme haukatiki saa saba usiku na renda iko njiani.

Inawezaje? Novemba 2020 Apple waliachana na chipu za Intel kwenye Air wakaweka ya kwao, M1, ya ukoo wa ARM ule ule wa chipu za simu, na ndani yake wakakusanya prosesa, grafiki na RAM vikakaa sehemu moja, umeme na data havisafiri mbali. Ndo maana inakula kidogo na inakimbia. Video za H.265 za bit 10, zile nzito za kamera mpya za Sony ambazo HP yangu ilikuwa inazicheza kwa kurukaruka kama CD iliyochanika, Mac inazipitisha laini kabisa kwenye DaVinci Resolve ya bure, programu ninayoeditia.

Lakini angalia hapo hapo, maana hicho kinachoipa nguvu ndicho kinachoifunga. RAM ikishakaa pamoja na chipu huwezi kuongeza, nafasi ya kuhifadhia imechomelewa kwenye bodi huwezi kubadilisha, ukinunua 8GB utakufa na 8GB. Mi 8GB yangu kwenye harusi ndefu yenye kamera tatu inaanza kushuka mwendo, na nikirudi nyuma ningeongeza hela nikachukua ya 16GB, hilo nalijutia wazi.

ThinkPad T480 ni kinyume chake. Ina sehemu mbili za RAM, niliinunua na 8GB, fundi akafungua mfuniko wa chini akapachika nyingine ya 8GB, dakika kumi, nimesimama pale pale dirishani kwake. Ina betri mbili, moja ndani na moja nyuma ya kuchomoa, na ile ya nyuma ipo mpaka ya 72Wh inayotokeza chini kama kisigino. Mwezi wa saba kijana wangu wa dukani alimwagia soda kwenye kibodi, tukazima, tukageuza, tukakausha, vitufe vinne havikurudi. Kibodi nyingine 45,000 na kazi ikaendelea siku ya pili yake. Ingekuwa ni Mac kibodi imebanwa na mwili wa juu wote kwa virivi vidogo vidogo, fundi wa kawaida anakwambia tubadilishe mwili mzima. Kioo nacho hivyo hivyo, kinakuja kama kifuniko kizima, na pengo kati ya kioo na kibodi ukifunga ni dogo sana mpaka Apple wenyewe walitoa onyo mwaka 2020 usifunge huku umeweka kifuniko cha kamera, kioo kinapasuka. Kwa hapa Morogoro fundi wa kufungua ThinkPad nawajua watatu. Wa kuigusa bodi ya M1 nikamwamini, lazima nipande treni niende Dar.

Kwa hiyo swali la kwanza kujiuliza ni lipi litakusimamishia kazi haraka zaidi, umeme au ubovu. Kwangu usiku ni umeme. Mchana dukani, penye vumbi, soda, watoto wa shule na mikono mingi, ni ubovu.

Programu, hapa ndo wengi wanaumia baada ya kulipa

Kabla hujauliza bei ya Mac andika kwenye karatasi programu ambazo usipokuwa nazo hupati hela wiki hiyo. Kwangu ilikuwa Publisher, ile ya Microsoft ya kupanga kadi na vipeperushi. Wenye steshenari wananielewa, kadi zote za michango, vipeperushi vya makanisa, ratiba za misiba, miaka yote nimezitengeneza kwenye Publisher na faili ziko mamia. Publisher haipo kwenye Mac, haijawahi kuwepo, na Office ya Mac haifungui faili zake. Na hata kwenye Windows Microsoft wameshasema wanaiacha Oktoba 2026, kwa hiyo kama na wewe una faili hizo anza sasa hivi kuzigeuza PDF au kuzihamishia Word, mi nafanya ishirini kila Jumapili jioni.

Wahasibu wa Tally, hiyo ni ya Windows tu. Access ya Windows tu. Wanaojifunza ramani, ArcGIS Pro ni ya Windows tu ila QGIS iko kote. Wachoraji wa majengo, Revit hakuna kwenye Mac, AutoCAD ipo ila imepunguzwa vitu. Mafundi simu wanaotumia Odin kuflashi Samsung, Windows. SPSS na Stata ziko kote, kwa hiyo wanaoandika ripoti za utafiti wasitishike.

Mtu atakwambia utaweka Windows ndani ya Mac. Zamani kwenye Mac za Intel ilikuwepo Boot Camp ukawasha upande unaotaka, kwenye M1 haipo. Kuna Parallels ambayo inaiendesha Windows ya ARM ndani, inafanya kazi kweli, lakini unailipia, na kwenye 8GB unagawana ramu kati ya mifumo miwili mpaka yote inapumua kwa shida. Ukiona unahitaji Windows ndani ya Mac kila siku, basi we unahitaji laptopu ya Windows.

Printa: Epson L3250 yangu Mac iliikubali kwa Wi-Fi. Printa ya leza ya zamani niliyoikuta dukani haikupata draiva, inatumika na ThinkPad tu.

Fleshi na eksteno

Hili liko mbali na vitabu lakini kwenye kazi ya kupokea watu ni kila saa. Alikuja mwalimu mmoja mstaafu, mzee wa watu, ameshika fleshi kwa mikono miwili.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Nisaidie, barua zangu zote za mafao zimegeuka vimishale."

Kirusi cha shotikati. Anachokifanya ni kuficha faili za kweli, mara nyingi kwenye folda isiyo na jina, na kuacha vimishale ambavyo ukibofya vinaambukiza kompyuta. Nikachomeka kwenye Mac, nikabonyeza Command, Shift na nukta kwa pamoja, folda iliyofichwa ikatokea na barua zake zote zikiwemo. Mzee akainama karibu na kioo akasema "kumbe zilikuwemo!" akacheka, tukaprinti. Hivyo virusi vimeandikwa kwa ajili ya Windows, kwenye Mac haviwaki, kwa hiyo fleshi yoyote nisiyoiamini inapita Mac kwanza. Na kama huna Mac, kwenye Windows fungua cmd, lile dirisha jeusi la kuandika amri, uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kuwa herufi ya fleshi yako, faili zinatokea, ila usibofye vile vimishale.

Sasa upande wa pili. Kesho yake mwalimu akarudi anasema nimemwekea faili mbili mbili na moja haifunguki. Ni kweli, Mac ikiandika kwenye fleshi inaacha vifaili vidogo vinavyoanza na nukta na mstari wa chini, kwake mwenye Windows vinaonekana, na vina jina lile lile la barua yake. Havina madhara, unavifuta, lakini nilipaswa kumwambia tangu jana yake.

Kubwa kuliko hilo ni eksteno. Wapiga picha wote ninaofanya nao kazi diski zao zimefomatiwa NTFS, ya Windows. Mac inaisoma NTFS ila haiandiki. Siku ya kwanza nimeediti mpaka nimemaliza, namrudishia mtu video kwenye diski yake ya 2TB, kila nikiburuta faili inakataa, nikadhani diski imekufa. Dawa ni exFAT, inaandikika pande zote, lakini kufomati kunafuta kila kitu, kwa hiyo lazima uwe na pa kuhamishia kwanza. Ongeza na kitobo: Air ya M1 ina matundu mawili tu ya USB-C upande mmoja, hakuna pa memori kadi, hakuna HDMI, utanunua kigawanyio. Na kioo cha nje inakubali kimoja tu. T480 ina USB za kawaida, HDMI, tundu la kadi, na waya wa mtandao.

Mikono nayo inachukua muda. Command badala ya Control, sawa, siku tatu. Ila kuhamisha faili, Windows unakata na kubandika, kwenye Mac unakopi kwa Command C afu unabandika kwa Command Option V ndo inahama. Na ukibofya ile duara nyekundu dirisha linafungwa lakini programu bado iko wazi inakula RAM, mpaka ubonyeze Command Q. Kwenye 8GB hilo lijue mapema.

Njia ya tatu, usihame wala usinunue

Kama HP yako ni ya kizazi cha 6 na hela haipo, kuna mwaka wa nyongeza wa apdeti za Windows 10 mpaka Oktoba 2026, ukiingia na akaunti ya Microsoft na ukaruhusu setingi zako zihifadhiwe kwao hulipi. Baada ya hapo Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Ile G3 yangu sasa iko na Mint, wateja wanaitumia kujaza fomu za mtandaoni na kuprinti PDF, imekuwa nyepesi kuliko ilivyokuwa. Kasoro yake LibreOffice, inayoshika nafasi ya Word humo, inavuruga mpangilio wa Word yenye maboksi ya maandishi, CV ya mtu inakuja na kichwa kimeshuka ukurasa wa pili, kwa hiyo CV nazipeleka ThinkPad.

Ukiamua Mac

Naomba sana usinunue Mac ya Intel, hata kama bei inavutia. Zile Air za 2017 zinazouzwa laki tano na sita zimeishia macOS Monterey, toleo la zamani la mfumo wa Mac, za 2018 na 2019 zina kibodi za kipepeo ambazo punje ya vumbi inagandisha kitufe, na Apple wametangaza kwamba macOS Tahoe ya 2025 ndiyo ya mwisho kwa Intel zote. Unatoka kwenye Windows 10 iliyoachwa unaingia kwenye Mac inayoachwa, utakuwa umelipia safari ya kurudi ulipotoka.

Mi nilipanda treni ya SGR asubuhi nikashuka Dar, nikaenda Kariakoo. Duka la kwanza wakanipa M1 safi kabisa kwa 1,000,000. Nikamwomba kijana aifute yote tuianzishe upya na hotspoti ya simu yangu. Akasita, akasema dada hii iko tayari, itachukua muda tu. Nikamwambia nina siku nzima. Ikawaka, tukachagua lugha, ikashika mtandao, ikaandika kwamba kompyuta hii inasimamiwa na taasisi fulani ya nje. Hiyo ni mashine ya kazini ya mtu, inaweza kufungwa kutoka mbali siku yoyote, na ikiwa haijafutwa huenda usione dalili. Nikamrudishia. Duka la pili tukafuta, ikapita mpaka mwisho bila kuuliza taasisi wala akaunti ya iCloud ya mtu mwingine, nikaangalia mizunguko ya betri kwenye System Information, ilikuwa 212 na Air hizi zimepimwa kwa 1,000. Hapo ndo nikalipa.

Ukiamua Windows kagua hivyo hivyo. Soma namba ya prosesa, i5-8350U ni kizazi cha 8, i5-7300U ni cha 7 na haitakiwi, na kuwa makini na EliteBook 840 G5 kwa sababu zipo zilizotoka kiwandani na kizazi cha 7 ndani ya mwili ule ule. Zima uwashe uingie BIOS, zile setingi za kabla Windows haijawaka, ikidai paswedi ambayo muuzaji hana iache. Betri, fungua cmd uandike powercfg /batteryreport, linganisha uwezo wa kiwandani na uliobaki, ikiwa chini ya nusu omba bei ishuke au uwekewe betri mpya.

Binamu yangu yuko mwaka wa pili hapa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, alikuja mwezi uliopita na 900,000 alizojichanga, anataka Mac, akaniambia dada hata ya 2017 sawa tu. Nikamuuliza darasani mnatumia nini, akasema ArcGIS Pro. Tulikaa nalo jioni nzima, hakufurahi mwanzoni, namwelewa, kitu umekitamani mwaka mzima. Akachukua T480 kama yangu, tukamwekea RAM ikawa 16GB na betri kubwa ya nyuma, na chenji ilibaki. Jana kanipigia akiwa maktaba, umeme umekatika, anauliza akiichomoa ile betri ya nyuma aweke nyingine kompyuta itazima? Nikamwambia chomoa tu, ya ndani inashika mpaka uipachike.